Difu Iliyolia Kwenye Kona

Jumatano saa nne asubuhi Maduhu aliirudisha Mark Two yake gerejini Katoro, na hakuizima. Aliingia nayo langoni, akakata usukani mpaka mwisho, na mafundi wote wakasikia: ngu, ngu, ngu, ngu, kutoka chini ya buti. Akanyoosha usukani, gari likanyamaza. Akakata upande wa pili, likalia tena. Ndipo alipozima, akashuka, akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa oili bila kuihurumia suruali yake ya kitambaa, akachungulia uvungu.

Maduhu alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Watu wa kazi hiyo huletewa kila siku kitu kinachong'aa na kuambiwa ni kitu kingine, kwa hiyo hawaamini mng'aro. Na chini ya gari lake kulikuwa na kitu kinachong'aa.

"Fundi Nestory," alisema akiwa bado amepiga magoti, "difu yangu iko wapi?"

Nestory alicheka kwanza, akidhani ni utani wa asubuhi. "Si hiyo hapo bosi wangu. Unaiangalia."

"Hii naiona. Nauliza yangu. Yangu ilikuwa nyeusi kwa matope, na ilikuwa hailii."

Mafundi wakaacha kazi. Hata aliyekuwa akichomelea bampa aliinua miwani yake kusikiliza.

Ukweli ni kwamba Nestory alikuwa na tabia. Kila difu aliyoifungua, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, aliiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya waya, kisha akaipiga rangi ya silva. Haikuwa kwenye makubaliano na hakuitoza. Ilikuwa sahihi yake, na kwa miaka ishirini na miwili wateja wa Katoro walikuwa wakichungulia uvungu na kusema, aa, hii kapita Nestory, mzee wa difu. Jumatatu Maduhu alimletea gari kwa jambo dogo tu: abadilishe oili ya difu, kwa sababu Ijumaa alikuwa anakwenda Shinyanga kwa wakwe. Nestory akamwaga ya zamani, akaweka mpya, akapiga rangi yake. Sasa rangi hiyohiyo ilikuwa inamshitaki.

"Bosi, mimi nimebadilisha oili tu."

"Oili! Gari lilikuja kimya, limetoka linalia. Umenipachikia difu ya skrepa ukaipaka poda kama bibi harusi. Gari hili nimelifuata Dar es Salaam kwa sababu ya difu yake, bhabha. Usinifanye mtoto."

Pale gerejini kulikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote. Fundi akilewa husamehewa, akichelewesha kazi hutukanwa na yanaisha. Lakini aliyebadilisha kifaa cha mteja hutengwa, kama sungusungu wanavyomtenga mtu kijijini: haazimwi jeki, hapewi spana, hasalimiwi, na namba yake inafutwa kwenye simu zote. Hakuna aliyewahi kustahimili wiki mbili.

Mwenyekiti wa mafundi, Mzee Selestine, alikuja akijifuta mikono. Alisikiliza pande zote mbili, akaangalia uvungu, akaangalia rangi, akakohoa.

"Gari lisitoke," alisema. "Kikao Ijumaa saa tano. Mpaka hapo kila mtu akae na vifaa vyake."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na maana yake. Dakika kumi baadaye Nestory alimwendea Adam, kijana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe, kuazima jeki ya magurudumu. Adam aliinama kwenye injini yake, akawa kama hakusikia.

---

Mke wa Nestory, Coletha, alikuwa na meza ya filta, plagi na oili ya kupima palepale langoni. Oili ya kupima ni ile inayotoka kwenye pipa na kuuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina jina wala karatasi, ina rangi tu na neno la muuzaji. Ile iliyoingia kwenye Mark Two ya Maduhu alikuwa ameipima yeye kwa mikono yake. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza, ingawa Coletha hakuwahi kungoja haki. Alikuwa mwanamke wa maswali. Kule Ushirombo alikokulia, katekista aliwahi kumwomba mengine amwachie Mungu.

Mchana walikula nyumbani, ugali na dagaa, kwa sababu Nestory hakutaka kula mbele za watu wasiomkaribia.

"Baba Vaileth," alisema Coletha, "linalia likikata kona tu?"

"Kona tu."

"Likienda moja kwa moja?"

"Halilii. Kula."

"Sasa difu iliyokufa inajuaje kwamba hapa ni kona?"

Nestory aliweka tonge chini. Lilikuwa swali la kijinga, lakini lilikuwa na ukweli ndani. Difu zilizokufa alizijua kuliko alivyowajua shemeji zake: huimba barabara nzima, hazichagui pa kulilia.

"Na ile oili uliyoimwaga ilikuwaje?" Coletha aliendelea.

"Mbaya. Nyepesi, na harufu kali ajabu, inapanda puani. Nikasema kuna fundi huko nyuma alimwibia huyu bwana. Gari kali namna ile linawekewa maji? Ndiyo nikaja kwako kuchukua oili namba mia arobaini, nzito kuliko zote. Nilimtendea wema."

"Ulimuuliza kwa nini ilikuwa nyepesi?"

"Fundi hamuulizi mteja, Mama Vaileth. Mteja ndiye anayemuuliza fundi."

Coletha alimega tonge mbili huku akimkazia macho, jambo lililomtia mumewe wasiwasi zaidi ya maswali.

"Ninajua la kufanya," alisema Nestory akikwepa macho yake. "Kuna unga wa mbao kwa seremala pale. Ukichanganya na grisi ukatia ndani, sauti inalala. Anafika Shinyanga, anakwenda, anarudi, watu wamesahau."

Hii dawa mafundi wote wanaijua na hakuna anayekiri kuitumia. Sauti hulala kweli, kisha difu hufa kimyakimya njiani, na mwenye gari huwa mbali.

Coletha alisukuma sahani. "Leo wanakuita mwizi na wewe si mwizi. Ukitia huo unga watakuwa wamesema kweli."

Nestory alisikia aibu, akaosha mikono kabla ya kushiba.

---

Alhamisi asubuhi walikwenda wote wawili. Coletha alimwachia jirani meza yake, akavaa koti kuukuu la mumewe juu ya kitenge. Jeki ya maana hawakuipata. Walikuwa na jeki mbili ndogo za chupa, moja inavuja, na magogo. Waliinua nyuma ya Mark Two taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, huku mafundi kumi na wanne wakijifanya hawaoni. Mama wa miaka arobaini na tatu kusukuma magogo chini ya gari gereji nzima ikimpa mgongo si jambo dogo. Lilimuuma Nestory kuliko kuitwa mwizi.

Matairi yote ya nyuma yakawa hewani, gia ikawekwa nyutro. Nestory akaingia chini na tochi. Coletha, ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, akawa anazungusha tairi la kulia na kulifuta matope.

"Baba Vaileth."

"Naam."

"Tairi la kule linanifuata."

"Linakufuata wapi tena?"

"Nikizungusha hili kwenda mbele, na lile linakwenda mbele."

"Ulitaka liende wapi?"

"La Hiace ya parokia linarudi nyuma. Juzi nililichezea ulipokwenda kununua breki. Ukilipeleka hili mbele, lenzake linakwenda nyuma, mpaka nikacheka."

Kule chini tochi ilitulia. Kisha Nestory akatoka akijivuta kwa viwiko. Hiace ya parokia ilikuwa bado juu ya magogo, hatua kumi kutoka pale. Akaiendea, akazungusha tairi. Lenzake likarudi nyuma. Akarudi kwenye Mark Two, akazungusha. Lenzake likafuata. Akaenda tena kwenye Hiace. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa akikimbia kati ya magari mawili kama mtoto aliyepata ringi ya baiskeli, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa na hamu ya kujua.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote hii, na mimi nainua upande mmoja mmoja."

"Kwa hiyo ndani zina tofauti," alisema Coletha.

"Zina tofauti."

"Na pengine oili yake nayo ina tofauti."

Nestory alirudi uvunguni na bisibisi, akaanza kukwangua rangi yake mwenyewe. Pembeni ya nati ya kujazia oili alihisi kitu kimeinuka chini ya silva. Alikwangua taratibu. Kilikuwa kibati kidogo chenye herufi tatu na mstari wa Kiingereza. Siku ya Jumatatu kilikuwa chini ya matope; alikipitia kwa brashi, kisha akakipaka rangi bila kukitazama. Coletha aliingia chini naye, wakalala chali kama vijana wanaotazama nyota, akasoma kwa Kiingereza chake cha darasa la saba.

"L, S, D. Hapa wanasema oili ya hivi tu. Hili neno la mwisho ni 'tu', nalijua. Walimu walikuwa wakilitumia kutukataza vitu."

Akapiga picha, akamtumia Rhoda, mwanamke wa duka la vilainishi Geita mjini aliyekuwa akimuuzia pipa. Rhoda hakuandika. Alipiga.

"Dada Coletha, mmeweka nini humo?"

"Mia arobaini. Ya pipa."

"Yesu wangu. Dada, hiyo si difu kama hizi zetu. Ndani ina visahani vimepangwa, kama vya klachi. Gari likinyooka vinashikana, matairi yote yanasukuma pamoja, ndiyo maana magari ya mbio yanawekewa. Likikata kona, tairi la nje linakwenda mbali kuliko la ndani, kwa hiyo vile visahani vinatakiwa viteleze, kimoja juu ya kingine, polepole. Kuna oili yenye dawa ya kuvitelezesha. Mkiweka hiyo yenu vinashika, vinaachia, vinashika, vinaachia."

"Ngu, ngu, ngu," alisema Coletha.

"Hasa. Sasa msiliendeshe. Nawatumia makopo mawili kwa bodaboda. Ikishaingia, mzunguke namba nane polepole, hata mara ishirini, ifike katikati ya visahani. Msikate tamaa mapema, haitanyamaza mara moja."

Nestory alikuwa ameinama sikioni kwa mkewe, akisikia kila neno. Akaichukua simu.

"Samahani, Mama. Na Crown? Zile Crown za spoti, nazo zina hivyo visahani?"

"Baadhi zinazo, fundi. Mpaka uangalie."

Akashukuru, akarudisha simu. Rangi ya uso ilikuwa imemtoka. Coletha alidhani ni aibu ya oili, na, jambo la nadra maishani mwake, hakuuliza.

Makopo yalifika saa tisa alasiri. Nestory alilifungua moja, akanusa, akafumba macho. Ilikuwa harufu ileile iliyopanda puani Jumatatu. Akashika spana.

"Namwaga sasa hivi. Kesho akija anakuta limenyamaza, tumemaliza."

"Akikuta limenyamaza," alisema Coletha, "atasema uliogopa, ukairudisha difu yake usiku."

Spana ilibaki hewani.

"Basi nifanye nini?"

"Usifanye kitu mpaka wawepo wote. Halafu useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba hukujua."

Nestory alikaa juu ya gogo. "Miaka ishirini na miwili," alisema, "hawa watu nimewaambia najua."

---

Ijumaa saa tano walikuwepo wote, na wengine ambao hayakuwahusu, kwa sababu Katoro watu hawapitwi na kesi. Maduhu alikuja na kaka yake. Mzee Selestine alikaa juu ya injini mbovu iliyokuwa kiti chake.

"Nestory, sema."

"Difu sijabadilisha," alisema Nestory. "Nilibadilisha oili, na niliweka oili siyo. Hii difu ni ya aina yake, nami sikuijua. Ina kibati kinachosema, nikakipaka rangi. Sikujua. Hilo ndilo kosa langu, na nimeona nilisema mbele yenu."

Kicheko kilianza nyuma, kikasambaa. "Mzee wa difu!" alisema mtu. Adam alicheka pia, halafu akaona uso wa Coletha, akaacha.

"Maneno matamu," alisema Maduhu. "Nitaaminije?"

Nestory akamwita, akampa tairi mkononi. "Zungusha." Maduhu akazungusha, akaona lenzake linafuata. Akapelekwa kwenye Hiace, akazungusha, akaona linarudi nyuma. Akasimama akijikuna kidevu. Yule mtu alikuwa na jicho la kupima vitu, na ameshapima vingi.

"Muuzaji wa Dar alinionyesha hivihivi," alisema taratibu. "Nilikuwa nimesahau."

"Mwizi angekuibia difu ya namna hii," alisema Mzee Selestine, "angeipata wapi nyingine ya namna hii ya kukuwekea? Katoro hii?"

"Sauti, Mwenyekiti. Mimi nataka sauti iondoke."

Oili ya pipa ikamwagwa mbele ya wote, ikitoka kwa uvivu kama uji uliolala. Ile ya makopo ikaingia. Gari likashushwa. Maduhu akaingia, akawasha, akakata usukani.

Ngu, ngu, ngu, ngu.

Watu wakaguna. Maduhu akatoa kichwa dirishani, na macho yake hayakuwa mazuri. Nestory akageuka kumtafuta mkewe.

"Namba nane!" Coletha alipaza sauti kutoka nyuma ya wanaume. "Mayo Rhoda, yule mama wa makopo, alisema lizunguke namba nane, mara ishirini, polepole. Twendeni kiwanja cha mnada, hakuna ng'ombe leo."

Wakaenda. Msafara ule ulikuwa wa ajabu: Mark Two ya turbo ikitembea mwendo wa mgonjwa, Nestory kiti cha mbele, na nyuma yake mafundi, bodaboda, mama wa vitumbua. Kiwanjani Maduhu akaanza kuzungusha, kushoto akafunga, kulia akafunga. Wanawake wakahesabu kwa sauti. Nane ya kwanza lililia kama kawaida. Ya nne vilevile, na mtu mmoja akaondoka akisema ana kazi. Ya saba, kati ya ngu na ngu kukawa na nafasi. Ya kumi ikalia mara mbili tu. Ya kumi na nne Mzee Selestine aliinua mkono watu wanyamaze, wakasikia mawe madogo yakisagwa na tairi, na injini, basi.

Maduhu aliendelea mpaka ishirini. Labda kwa uhakika, labda alikuwa ameanza kufurahia. Alipozima alishuka, akazunguka upande wa pili, akamfungulia fundi mlango.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," alisema. "Mbele za watu haohao nasema si mwizi. Unisamehe, bhabha."

Watu wakapiga makofi. Adam alimshika Nestory mkono na hakuweza kumtazama. Coletha alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akicheka na kulia pamoja, na Mzee Selestine akatangaza kwamba kikao kimefungwa.

"Hakijafungwa," alisema Nestory.

Hakupaza sauti, lakini walimsikia.

"Mwenyekiti, unamkumbuka Wiliam?"

Mzee Selestine alimwangalia, na uso wake ukafunga. "Yale yalikwisha."

"Ile Crown ilikuwa inalia wapi?"

Mafundi wote walikuwepo mwaka juzi, isipokuwa wawili. Kijana Wiliam alibadilisha oili ya difu ya Crown, gari likatoka linalia, mwenye gari akasema difu imeibwa. Wiliam aliapa kwa jina la mama yake. Walioinua mkono atengwe walikuwa kumi na wawili.

"Ilikuwa inalia kona," alisema Nestory. "Ikinyooka ilikuwa kimya. Niliiendesha mimi mwenyewe, nikarudi nikawaambia difu imebadilishwa. Mlinisikiliza kwa sababu ni mzee wa difu."

"Sasa hivi yuko wapi?" aliuliza Coletha. Mwaka juzi alikuwa bado hajaweka meza pale langoni, na habari hiyo hakuijua. Mumewe hakuwahi kumweleza.

"Nasikia Masumbwe," alisema mtu. "Anabeba viroba vya mawe kwenye krasha la kusagia dhahabu."

"Nani ana namba yake?"

Simu zilitoka mifukoni, zikawashwa, vidole vikatafuta. Mmoja baada ya mwingine wakazirudisha. Walikuwa wameifuta wote, kama walivyokubaliana.

Maduhu alitazama saa, akatazama barabara ya Ushirombo. "Shinyanga napitia Masumbwe hapohapo," alisema. "Anayekwenda aingie."

Nestory alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. Mzee Selestine alisimama pale kiwanjani kwa muda, mzee mnene mwenye vidole vilivyoungua, watu wote wakimtazama. Kisha akavua ovaroli lake, akalikunja, akampa Coletha, akaingia kiti cha nyuma na fulana yake iliyotoboka.

"Hukumu niliisoma mimi," alisema.

Maduhu akawasha gari.